Viatu vya Wanawake Mlangoni mwa Maktaba

Mgeni akija Kigoma akauliza swali, hatumwachi aondoke mikono mitupu. Kama jibu hatuna, tunamtafutia. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, lakini sikulipima uzito wake mpaka nilipopata kibarua cha kumsaidia dada mmoja mtafiti kutoka Dar es Salaam.

Dada alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini wanawake hawaingii chumba cha kompyuta cha maktaba ya umma, wakati intaneti pale ni ya bure na mashine ni nzima. Maktaba yenyewe sitasema iko kata gani, maana mkutubi wake bado yupo na bado tunasalimiana. Kazi yangu ilikuwa kuuliza kwa Kiha pale Kiswahili cha dada kilipoteleza mno. Tulianzia Gungu, tukapita Katubuka, tukashuka hadi mialoni kwa wauza samaki. Majibu alikuwa nayo tayari kwenye kishikwambi chake: umbali, muda, gharama, woga, kutojua kusoma. Mtu anachagua. Mama mmoja muuza mawese alimtazama kwa huruma akamuuliza, "Wewe mwanangu unapenda lipi?" Dada akasema hapaswi kumchagulia. "Basi weka muda," mama akasema. "Kama muda umejaa, weka umbali." Yule mama anakaa ukuta kwa ukuta na maktaba.

Mimi nilikuwa na wangu wa kumuuliza, na alikuwa nyumbani.

Mama yangu anauza migebuka na dagaa mwaloni. Mdogo wangu wa mwisho alikwenda Lusaka kutafuta maisha, na tangu aende alikuwa anatuma sauti tu. Yuko salama, anafanya kazi kwenye duka la simu, kazi safi ya kukaa kwenye kiti. Mama hakuamini hata neno moja. "Kijana wa darasa la saba aende nchi ya watu, apewe kiti?" alisema. "Huyo anaiba." Kila ujumbe ukija anausikiliza, anarudisha simu yangu kama amepewa samaki aliyeoza, halafu usiku halali. Alitaka amwone kwa macho yake. Simu yake ni kitochi, na yangu kioo kilikuwa kimepasuka, uso wa mtu unatokea vipande vipande. Nikamwambia twende maktaba, kule kuna kioo kikubwa kama sinia, utamwona mwanao hadi meno. Akafurahi, akavaa kitenge kipya, tukaenda.

Kwenye mlango wa chumba cha kompyuta kulikuwa na rafu ya viatu, na juu yake tangazo jekundu: VUA VIATU. Mkutubi wetu ni mzee nadhifu anayeamini kwamba vumbi la Kigoma lina njama na mashine zake, kwa hiyo ndani alikuwa ametandika zulia la buluu ambalo hata mkewe nyumbani hana. Mkabala na rafu kulikuwa na benchi, na kwenye benchi vijana wa bodaboda husoma magazeti ya michezo wakisubiri abiria. Mama akaitazama rafu, akalitazama benchi, akasema macho yanamuuma. Tukarudi. Safari nyingine akasema kichwa. Safari ya tatu akasema ameacha dagaa juani, na mvua ilikuwa inanyesha.

Nilikasirika sana. Kutwa nzima nawauliza wanawake wa watu kwa nini hawaingii maktaba, na wa kwangu mwenyewe ananishinda. Nilikuwa nimepanga kumwambia maneno, lakini jioni ile nikamkuta uani anasugua visigino kwa jiwe. Mama amesimama kwenye maji ya samaki tangu sijazaliwa, na miguu yake ina magaga ambayo punje ya mahindi ingepotea humo. Aliponiona akashusha kanga haraka. Ndipo nikaelewa kwamba kompyuta haogopi hata kidogo. Aliogopa kuvua kandambili mbele ya lile benchi. Kwenye kishikwambi cha dada hapakuwa na mahali pa kuweka magaga.

Kesho yake nikamwendea mkutubi.

"Shikamoo mzee. Hivi kina mama hawawezi kuingia na viatu vyao?"

"Marahaba. Na samaki nao waingie?"

Nikaacha.

Wiki hiyohiyo dada akateleza ulimi. Alikuwa anakunywa chai na mzee, akamwambia kwamba wanawake wasipoonekana, huenda zile mashine zikahamishiwa mji mwingine wenye watumiaji. Mzee akaweka kikombe chini, chai ikamwagika, na hakuifuta. Kwa mtu yule, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Asubuhi iliyofuata rafu ilikuwa imejaa viatu vya kike. Dada alifurahi mpaka nikamwonea huruma. Utaratibu wa utafiti wake ulimkataza kuwasumbua watumiaji, kwa hiyo mlango ukiwa umefungwa alikuwa anakaa nje na kuhesabu viatu. Mimi sina utaratibu, nikachungulia. Ndani kulikuwa na vijana wa sekondari peke yao, wanaangalia mpira bila sauti. Nikaitazama rafu vizuri. Vilikuwepo viatu vya kanisani, sendozi za mabinti, jozi moja ambayo yote ilikuwa ya mguu wa kulia, na kandambili kuukuu zilizofungwa waya mahali pa gidamu. Mzee akanitazama kutoka mezani kwake, akaweka kidole mdomoni, kama wanavyofanya wakutubi wote duniani. Viatu vilikuwa vya mkewe, vya binti zake na vya mama mkwe wake, ambaye sijui siku hiyo alikwenda wapi na nini mguuni. Kila baada ya muda mzee alipita akavigeuzageuza, ili wenyewe waonekane wanatoka na kuingia.

Ningeweza kumsema kwa dada, ndiye aliyekuwa ananilipa. Badala yake siku ya pili nami nikaleta vyangu vya zamani, maana rafu ya chini ilikuwa inapwaya.

Mchana wa siku hiyo mama akaja kuniletea chakula nilichokisahau. Akasimama mbele ya rafu. Akaziinamia zile kandambili zenye waya, akazitazama jinsi visigino vilivyozila.

"Mwenye hizi yumo ndani?"

"Yumo," nikasema, na mzee akakohoa.

"Huyu ana miguu mibaya kuliko mimi," mama akasema. Akavua zake palepale, mbele ya benchi zima. Hakuna aliyeinua kichwa kwenye gazeti. Akasukuma mlango, akaingia, na sauti yake ikatoka nje kama yuko mwaloni.

"Wenye viatu wako wapi?"

Dada akanyanyuka, akaja mlangoni. Akatazama rafu, akatazama wale vijana, akatazama rafu tena. Mzee alikuwa ameshika kitambaa, anafuta mashine iliyokuwa safi. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

"Mama," dada akasema, "leo umeingiaje?"

"Nimeona kandambili zenye waya. Nikajua kumbe humu wanaingia hata watu kama mimi." Halafu akamwonyesha mguu, magaga yote, mbele ya watu. "Wengine wanakwambia muda. Ni hii."

Dada akakaa chini na kuanza kufuta hesabu ya viatu kwenye kishikwambi, akafuta kwa muda mrefu. Mzee akauliza kwa sauti ndogo kama mashine zinaondoka.

"Mzee wangu," dada akasema bila kuinua macho, "kwanza ondoa lile tangazo."

Mimi nilikuwa nimeshampigia mdogo wangu kwenye mashine moja. Akapokea, picha ikawa giza, akasema tusubiri kidogo. Aliporudi, kioo kizima kilijaa yeye, shati jeupe limefungwa hadi shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwana wanje," mama akasema, yaani mwanangu kwa Kiha. "Unafanya kazi wapi?"

"Dukani, mama, kama nilivyokwambia."

Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Shusha hiyo simu. Nione miguu."

"Miguu ya nini tena, mama?" Akacheka, lakini cheko halikufika mbali.

"Shusha."

Akashusha. Suruali ilikuwa imekunjwa hadi magotini, na chini yake ilikuwa ni saruji tupu, imemkaukia mpaka katikati ya vidole, visigino vimepasuka kama vya mama. Wale vijana wakaacha mpira wao wakawa wanatazama kwetu. Mdogo wangu aliiacha simu palepale miguuni, akashindwa kuirudisha juu.

Mama akaegemea kiti, akashusha pumzi iliyomkaa tangu mwaka jana.

"Kumbe unafanya kazi," akasema. "Haya, inua uso sasa, nikuone."