Viatu Safi vya Shangazi

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anauza viatu vya watoto wachanga. Duka lake lina kioo kikubwa mbele, na kwenye kile kioo amebandika kadi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene: VIATU HIVI HAVIJAGUSWA NA MKONO WA MTOTO. Chini yake amechora ua, limepinda.

Niseme mapema, Shangazi si mtu wa kutisha. Hapigi mtu, haibi, haruki foleni. Ni mtu wa kumsalimia asubuhi ukamsahau mchana. Ndiyo maana namwandika mimi. Wabaya wa kutisha wana watu wengi wa kuwaandika.

Mumewe alipofariki alimwachia duka na kiti cha kuzunguka, na tangu hapo anazunguka. Ana sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mgonjwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema hapana. Anasema, "Tutaona, mwanangu," halafu haoni.

Kadi ililetwa na redio. Kulikuwa na kipindi kilichozungumzia watoto wanaofanya kazi viwandani, na wateja wakashikwa na huruma wiki ile. Wakawa wanauliza, "Hivi vinashonwa na nani?" Lakini wanauliza kiatu wameshakikumbatia, wameshakinusa, wameshamwona mtoto wao amekivaa. Shangazi anawajibu, "Watu wazima, dada yangu. Wamama wazima kabisa, wengine wana wajukuu." Mteja anashusha pumzi. Akishashusha pumzi, anaomba apunguziwe bei.

Viatu vyenyewe vinatoka kwenye kiwanda nilikokuwa napakia maboksi. Viko hivi: kiatu cha kichanga kinashonwa ndani nje, kisha kinageuzwa kama soksi ili mshono ujifiche. Ncha yake ni nyembamba, kidole cha mtu mzima hakiingii. Kwa hiyo kando ya ukuta kulikuwa na meza fupi, na vigoda, na kwenye vigoda watoto. Wao ndio wageuzaji. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu wa kike, ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameota upya. Walimwita Kidole kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kasi. Ukucha wa kidole chake cha shahada ulikuwa umeng'oka, ukaota umepinda, ukang'oka tena. Mimi waliniita Bubu.

Mama anafulia watu nguo na kifua kinamsumbua. Mimi shule niliigusa tu nikaiacha. Kwa Kidole sikutaka iwe hivyo. Nikaenda kwa Shangazi, nikamwomba amchukue akae naye, maana shule iko nyuma ya duka lake, kengele unaisikia ukiwa kwenye kile kiti.

"Tutaona, mwanangu," akasema. "Lakini kwani Kidole anafanya kazi? Pale si anasaidia tu?"

Nikaondoka nikijiambia labda hajui. Mtu wa duka anaona boksi, haoni meza. Siku akiiona atamtoa. Nilikuwa na ujinga wa aina hiyo.

Basi, siku ya kuiona ikafika. Mama mmoja kijana, kiongozi wa kikundi cha wazazi, alimwambia Shangazi kuwa kikundi chao hakinunui tena kitu mpaka wajue kimetoka mkono gani, na yeye anataka kuona kwa macho yake. Shangazi akafurahi, maana kikundi kizima kingehamia kwake. Akamwahidi kumpeleka. Na kabla ya kumpeleka, akampigia simu msimamizi wetu.

Asubuhi ile msimamizi aliingia anapiga makofi. "Haya, wageuzaji wote stoo! Nyuma ya maboksi. Asiyekohoa anapata soda!"

Watoto wakaingia stoo wakisukumana. Msimamizi akaamuru pafagiwe, akaondoa kandambili ndogo mlangoni, akawaita wamama wa meza ya kukata waje wakae mahali pa watoto. Alifikiria kila kitu. Vigoda akavisahau.

Ungewaona! Watu wazima wamekaa magoti yamegusa masikio. Mama Mapacha, mwanamke aliyejaaliwa mwili, alikalia kigoda kikapotea.

"Jamani," akanong'ona, "nikinyanyuka nacho, mnivue."

"Nyamaza, hao wanaingia."

Wakaingia. Yule mama kijana alikuwa na mtoto wake kifuani na simu mkononi. Akatazama meza, akatazama wamama.

"Mbona vigoda vifupi hivi?"

Aliyejibu ni Shangazi. "Ni mambo ya mgongo, dada yangu. Wataalamu wanashauri. Mtu akikaa chini, mgongo unanyooka."

Mama Mapacha, amepinda kama ndoano, akatikisa kichwa kukubali.

"Naweza kuona kimoja kikigeuzwa?"

Mama Mapacha akachukua kiatu. Akaingiza kidole, kikakwama kwenye kiungo. Akaingiza kile kidogo cha mwisho, kikakwama. Akachukua penseli, akasukuma, ncha ikapasuka. Akajaribu cha pili, kikapasuka vibaya zaidi.

"Wageni wanamtia jasho mikononi," msimamizi akasema, akacheka peke yake.

"Basi msimhangaishe," yule mama akasema. "Nipeni tu pea moja nimvishe mtoto hapa hapa nimpige picha. Wenzangu wanataka ushahidi."

Pea ya kumpa haikuwepo. Vilivyogeuzwa vyote vilikuwa vimeondoka na gari asubuhi. Msimamizi akaanza kuhesabu dari. Hapo Shangazi akaja kwenye meza yangu ya kupakia, karibu na mlango wa stoo, tabasamu lake ameliacha limemwelekea mgeni, akanitia mkononi viatu viwili visivyogeuzwa.

"Mpitishie Kidole. Haraka," akaninong'oneza. "Na asitoke."

Kumbe alijua. Alijua kazi, alijua mkono, alijua mpaka mlango.

Nikaingia stoo. Kidole alikuwa amekaa juu ya boksi anachezesha miguu. Kabla sijamaliza kumweleza, viatu vilikuwa vimegeuka. Akaninyooshea. Sikuvipokea.

"Mpelekee mwenyewe," nikamwambia. "Yule mwenye mtoto."

Nikauacha mlango wazi. Kidole akatoka, akamsogelea yule mama, akamvisha mtoto kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, akabonyeza ncha kwa kidole kuhakikisha mshono umelala, kama anavyofanya kila siku. Nyuma yake wageuzaji wengine wakachungulia, wakatoka mmoja mmoja. Aliyekuwa mdogo kuliko wote akauliza, "Soda iko wapi?"

Yule mama aliwatazama watoto. Akatazama vigoda. Akamtazama Mama Mapacha na viatu vyake vilivyopasuka. Nilimwona akielewa, sina shaka nalo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekula akasikia hodi.

"Hawa ni nani?" akauliza, taratibu sana.

"Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu," Shangazi akasema. "Hao wengine ni wa wamama hawa. Wanakuja kucheza huku mama zao wakiwa kazini."

"Aa," yule mama akasema. "Kumbe mna mpaka sehemu ya watoto kuchezea. Hilo ni jambo zuri sana."

Akainua simu. "Sogea kidogo, mwanangu," akamwambia Kidole, "unatia kivuli."

Kidole akasogeza kichwa, akarudi kubonyeza ncha ya kulia. Yule mama akapiga picha ya miguu ya mtoto wake, akaondoka mtoto akiwa amevaa vile viatu. Vilimkaa vizuri.

Walipotoka tu nje, msimamizi akaniambia, "Bubu, chukua hicho kidole chako, nisiwaone tena."

Kesho yake Shangazi akaja nyumbani. Mama alikuwa uani, mikono imejaa povu.

"Wifi," Shangazi akasema kwa ile sauti ya kubembeleza mgonjwa, "nimelala nikiwaza. Namchukua Kidole. Atakaa kwangu, atasoma."

Mama akaanza kulia, akijifuta kwa kiwiko. Kidole akakimbilia ndani kutafuta gauni lake zuri. Mimi nilikuwa naangalia mlangoni, Shangazi alipoweka mzigo wake. Kulikuwa na kiroba kimefura. Juu ya kiroba, kigoda.

"Hicho ni cha nini?" nikauliza.

"Ah, kitu kidogo cha kumshughulisha akitoka shule. Msimamizi amepungukiwa wageuzaji, tumeelewana. Nitamweka nyuma ya pazia, hakuna atakayemsumbua. Na kwangu siyo kiwanda, ni nyumbani."

"Kidole atakuja, Shangazi. Kigoda kibaki."

Akanigeukia. "Kumbe unaongea?"

"Kibaki."

Nilisubiri aseme tutaona. Alikitazama kiroba, akamtazama Kidole aliyekuwa amesimama mlangoni na gauni lake, akapima. Kisha nikalisikia lile neno kwa mara ya kwanza.

"Hapana," akasema. "Bila hivyo, hapana."

Mama akasuuza mikono bila haraka. Akakishusha kigoda chini, akakinyanyua kile kiroba mwenyewe, na kifua chake kile, akamtwisha Shangazi. "Nenda nacho, wifi. Usije ukachelewesha wateja."

Akaenda. Kigoda alikisahau. Tulikipasua, ulikuwa mti mkavu, ukawaka vizuri na maji ya kufulia yakachemka.

Sasa nafua na Mama. Kidole anasoma shule ile ile ya nyuma ya duka, anaenda kwa miguu kutoka kwetu, mbali, na darasani anakaa na watoto wanaomfikia begani. Mwalimu analalamika kwamba anashika kalamu vibaya, kile kidole hakikunjiki.

Wiki iliyopita nilimfuata shuleni, tukapita mbele ya duka. Kadi bado ipo. Shangazi ameongeza picha chini yake, ile ya miguu ya mtoto na viatu vyake vipya, kubwa, ya rangi. Wanawake wawili walikuwa wamesimama wanaitazama.

"Vizuri jamani," mmoja akasema, wakaingia.

Kidole akasogea mpaka kwenye kioo, akaweka kidole chake pembeni ya picha. Pale kwenye ncha ya kiatu cha kulia, mpiga picha hakuona vizuri, kuna kipande cha kidole kingine kinabonyeza mshono. Ukucha wake umepinda.