Mechi ya Bendera Mbili

Fundi wangu wa kanzu alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu nilimfuata dukani kwake, hapa Ibra, Oman, nikakaa kwenye benchi la wateja mpaka akakubali kucheza. Naanzia hapo kwa sababu watu wakinisikia nikiilaumu siasa ya India, na nikiwalaumu wafanyabiashara walioigeuza kriketi kuwa tangazo, hudhani nilikuwa mtazamaji tu. Sikuwa mtazamaji. Nilikuwa refa wa mechi ile, na mimi ndiye niliyemtia uwanjani.

Kriketi niliijulia Dar es Salaam, nilikozaliwa. Marehemu baba alikuwa na duka Upanga, na watoto wa Kihindi wa mtaa ule walicheza kila jioni. Wakipungukiwa na mtu huniita. Kwao nikapata na Kihindi cha kuchanganyachanganya. Tulipohamia Oman nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nikadhani mchezo ule nimeuacha huko. Nikaajiriwa serikalini, ofisi ya maji, nikaoa mke mzaliwa wa Unguja, tukajenga Ibra. Asubuhi moja ya Ijumaa nikipita na gari nje ya mji nikawaona wafanyakazi wa kigeni, kama ishirini hivi, kwenye uwanda wa changarawe. Walikuwa wamemimina kipande cha saruji katikati na kusimamisha vijiti vitatu kila upande. Nikasimama kutazama. Nilipotoa kauli kwamba mpira ule ulimgusa mpigaji mguu mbele ya vijiti, kwa hiyo ametoka, wote waligeuka. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na tano, kila Ijumaa kabla ya sala nilikuwa refa wao.

Walikuwa Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi wachache: mafundi umeme, wapishi, madereva, watu wa gereji. Timu ziligawanywa kwa mitaa, waliokaa upande wa sokoni dhidi ya waliokaa barabara kuu. Waligombana, tena sana, lakini ugomvi wao ulikuwa wa mpira.

Fundi alikuwa Mhindi Mwislamu wa kaskazini ya India, mtu wa makamo, mwembamba, aliyekuja Ibra ujanani akazeekea kwenye cherehani. Hakuwa na mbio. Alirusha mpira taratibu, kwa vidole vile vile vya kushonea, na mpira ukishagusa chini ulipinda ukampita mpigaji akibaki anashangaa. Rafiki yake mkubwa pale uwanjani alikuwa makanika mmoja wa Kipakistani, pande la mtu, aliyepiga mipira ya kila mrushaji ikaruka mpaka barabarani, isipokuwa ya fundi. Mchezo ukiisha walikumbatiana, kisha wakenda kula kwa makanika, kwani fundi hakujua kupika hata chai.

Mambo yaliharibika mwaka ule nchi zao ziliporushiana makombora kwa siku chache. Ijumaa iliyofuata walikuja nusu yao. Wahindi walikuja na gari moja, Wapakistani na jingine, na wakati wa maji kila kundi lilikaa kwenye kivuli chake. Fundi alisimama katikati na chupa yake mkononi, hajui akae wapi. Mwisho akaja kukaa nami, ndani ya gari yangu.

Mtu huyo aliipenda India yake. Hilo ndilo lililonitia uchungu. Kaka yake alikuwa na duka la viatu huko kwao, na wakubwa wa mji walilivunja kwa tingatinga wiki moja baada ya fujo za Wahindu na Waislamu ambazo yeye hakuwamo. Walisema limejengwa bila kibali. Maduka ya jirani, yaliyojengwa vile vile, yaliachwa. Fundi alinihadithia hayo huku ananipima mabega, bila ya kupandisha sauti. Lakini timu ya nchi yake ikicheza, alifunga duka mapema na kumwomba Mungu waziwazi.

Siku moja timu za taifa za India na Pakistan zilikutana katika mashindano, tukatazama pamoja kwenye televisheni yake ndogo iliyowekwa juu ya rafu ya vitambaa. Manahodha walipita kama hawaonani. Mechi ilipoisha Wahindi waliondoka bila ya kupeana mikono na wenzao. Na katikati ya hayo yote, kila mipira sita, yalipita matangazo: simu, viungo vya kutafuna, michezo ya kubahatisha, watu maarufu wakicheka.

"Kama ni maadui, kwa nini wanacheza?" nikamwuliza. "Na kama wanacheza, kwa nini hawapeani mikono?"

Aling'ata uzi. "Bhai, ndugu yangu, wasipocheza, khasara ya wenye matangazo. Wakipeana mikono, kuna mtu wa siasa atapata khasara. Wamepata njia ya katikati."

Mwaka huo huo akatokea kijana mmoja mfanyabiashara, mwenye maduka ya simu katika miji ya Nizwa na Sur. Alitaka kuanzisha ligi ya wafanyakazi, na mechi zirushwe moja kwa moja kwenye simu. Timu zetu za mitaa hazikumfaa. Alisema watu hawatazami mtaa, wanatazama bendera. Basi ikawa timu ya India, ya Pakistan, ya Bangladesh, na kila timu ikapata duka la kuifadhili. Kwa kuwa Wahindi na Wapakistani walitosha timu mbili mbili, waliitwa kwenye ukumbi wa hoteli Nizwa wakapandishwa jukwaani mmoja mmoja, na maduka yakawashindania kwa mnada, kama wanavyofanya matajiri huko India. Makanika naye alipandishwa. Aliporudi Ibra aliniambia, "Leo nimeuzwa, Baba, na hakuna aliyenitazama meno." Alikuwa anacheka, lakini cheko hilo halikumfika machoni.

Fundi hakwenda kwenye mnada. Nahodha wa timu mojawapo ya Wahindi, fundi umeme tuliyecheza naye miaka mingi, alimtaka kwa sababu mrushaji kama yeye hawakuwa naye. Akanituma mimi.

"Bhai, niache," fundi aliniambia. "Nikivaa jezi ya India tukashinda, nimefanya wajibu. Tukishindwa, nimewauza."

"Ukikataa ndipo watakaposema."

"Watasema Ibra. Wakisema Ibra navumilia. Hiyo ya kwenye simu inafika mpaka kwa mama yangu."

Aliona mbali kuliko mimi. Nami, acha niseme kweli, nilikuwa na tamaa yangu. Nilishonewa koti la refa, nilipewa kofia, na nilitaka watu waone kwamba mrushaji bora wa mikoa ya Dakhiliya na Sharqiya alitoka kwenye changarawe yetu. Nikamwambia mchezo ni mchezo. Nikamwambia mimi ndiye refa, nani atakudhulumu? Mara ya tatu akainamisha kichwa, akasema, "Kwa ajili yako."

Mechi ya India na Pakistan ilichezwa Nizwa baada ya alasiri. Sikuwahi kuona watu wengi vile kwa mchezo huo. Bendera zilikuwa kila mahali, spika zikitangaza simu kila tulipobadilisha upande, na mtu wa maikrofoni akisema hii ni vita, leo ni vita. Vijana wa pande zote mbili walitukanana kwa lugha ninazozielewa.

Ilifika mpira wa mwisho. Wapakistani walitaka mbio nne, yaani pointi nne, ili washinde, na aliyeshika gongo alikuwa makanika. Aliyerusha alikuwa fundi. Alikuja na hatua zake fupi, mpira ukapinda, ukampita makanika, ukaangusha vijiti. Uwanja ukalipuka. Nahodha alimrukia fundi mgongoni. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Mguu wake ulivuka mstari. Nimeirudia akilini asubuhi na jioni: ulivuka, kwa upana wa vidole viwili. Mguu ukivuka, mpira ni haramu, hauhesabiwi, wapinzani wanaongezwa mbio moja na mpira unarudiwa. Ni jambo la kawaida kabisa. Fundi alinitazama, akautazama mguu wake, akarudi kwenye nafasi yake. Mpira wa kurudia makanika aliupiga ukavuka kamba ya mpaka, mbio nne, Wapakistani wakashinda.

Wahindi waliondoka uwanjani moja kwa moja, kama walivyowaona wakubwa wao kwenye televisheni. Fundi peke yake alibaki. Alimwendea makanika, akatoa mkono, na makanika akamkumbatia kama Ijumaa zote. Nikaona simu zimeinuliwa, nyingi, kama mikono ya watu wanaoomba dua. Nahodha alinipita akisema kwa Kihindi, "Kawauzia mechi ndugu zake Waislamu." Nilimsikia vizuri. Nilinyamaza, kwa sababu nilifundishwa kwamba refa habishani.

Siku mbili baadaye binti yangu, ambaye alizaliwa hapa na Kiswahili chake ni cha kuokoteza, aliniletea simu. "Baba, huyu si fundi yako? Hii video watu wengi sana wanaona. Wanasema nini hapa?"

Maandishi ya Kihindi sikuyaweza, lakini sauti niliielewa. Ilisema mtu huyu kavusha mguu kwa makusudi ili nchi yake ishindwe, kisha tazameni anavyomkumbatia adui. Ikataja jina la baba yake na kijiji chao. Nikakaa kitako. Binti yangu akaniuliza tena wanasema nini, nikamwambia aizime.

Huko kwao uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mgombea mmoja aliionyesha video ile kwenye mkutano wake, kwenye skrini kubwa. Jioni yake watu waliizunguka nyumba ya mama yake, wakarusha mawe, na kaka yake alipotoka kuzungumza nao walimvunja mkono. Fundi alipata khabari akiwa dukani. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani, mashine inazunguka bila ya kitambaa.

"Nakwenda," akasema.

"Usende. Subiri uchaguzi upite."

"Mama ana miaka themanini, bhai."

Nilimpeleka uwanja wa ndege Maskati mwenyewe. Njiani nilimwambia nitajirekodi, kwa Kihindi, niseme kama refa kwamba kuvusha mguu ni kosa la kila siku na mtu huyu hana hatia. Akasema, "Sema." Tulipokaribia mji akaniuliza kama kweli uliovuka ni mguu mzima au kisigino tu. Nikamwambia ni mguu. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyetaka tu kujua.

Nilijirekodi, nimekaa sebuleni na koti la refa. Binti yangu aliirusha. Walioitazama wengi walikuwa jamaa zetu, wakaandika mashaallah.

Fundi alipofika kwao polisi walichukua pasipoti yake kwa uchunguzi. Uchunguzi wa nini, hakuambiwa. Mwezi, miezi mitatu, miezi sita. Na mgeni akikaa nje ya Oman zaidi ya miezi sita ukaazi wake unaanguka. Mfadhili wake, Mwomani mwenye kibali cha duka, alimngoja kadiri alivyoweza, kisha akampa duka fundi mwingine. Makanika aliacha kucheza, akahamia mji wa Adam kutengeneza malori. Uwandani kwetu Ijumaa ikawa wanakuja sita, saba, kisha hawaji.

Msimu wa pili wa ligi ulipokaribia niliiona kwenye simu: fundi na makanika wanakumbatiana, taratibu, na muziki wa kuliza, na maneno kwamba mchezo unaunganisha mataifa. Chini yake, simu mpya. Siku ya pili nilikwenda Nizwa, ofisini kwa yule kijana.

Alinipokea kwa adabu zote. Aliniita ammi, yaani ami yake, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akanisogezea tende. Nilimweleza kisa chote tangu mwanzo, kwa Kiarabu, polepole, ili asikose hata neno.

"La haula," akasema, na naamini alisikitika. "Lakini ammi, hiyo ndiyo picha yetu bora. Watu wanalia wakiiona."

"Mwenyewe kanyang'anywa pasipoti kwa picha hiyo."

"Naelewa. Lakini hayo ni mambo ya kwao. Sisi hatuingii kwenye siasa." Kisha, kwa heshima ile ile, akaniuliza kama nitakuwa refa tena mwaka huu.

Nikaiweka kahawa chini, nikaondoka. Tangazo lilibaki mpaka msimu ukaisha.

Mara ya mwisho kuzungumza na fundi nilimpigia mimi. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anazungumza mbele ya mgonjwa. Aliniuliza hali ya mke wangu, ya binti yangu, kama kumenyesha. Nilianza kumwomba radhi, akanikata.

"Bhai, nikuombe jambo. Usinipigie. Namba ya nje ikiingia, kesho yake mtu anakuja kuuliza ni nani."

"Nikuandikie?"

"Usiniandikie pia. Niombee dua, hiyo hawaioni."

Nilimwambia mke wangu aliyoyasema. Tulikuwa tunakula. Akasema, "Sasa utajuaje kama yuko hai?"