Mshenga wa Kijiji Nisichowahi Kukanyaga

Nimekuwa mshenga mara nyingi na sijawahi kurudi mikono mitupu. Wakenya wa Dallas wananijua. Kijana akipata mchumba na wazee wake wako mbali, ananipigia simu, navaa koti langu la kijivu, nakwenda kuwasemea watu walionyimwa viza. Nimewasemea Wakamba, Wameru, Wadigo, na hata jamaa mmoja wa Kisii ambaye wajomba zake wote waliogopa ndege. Mke wangu husema ningekuwa wakili kama ningependa kusoma kama ninavyopenda kusikilizwa.

Lakini siku dereva mwenzangu aliponiomba nimsemee, nilinyamaza tangu Corsicana hadi Huntsville, mwendo wa saa mbili, na anayenijua anajua hilo si jambo dogo.

Alikuwa Mromania. Tuliendesha lori moja kwa zamu, tukipakia kwenye maghala ya Fort Worth na kushusha Houston. Nilimjua kama kijana mrefu, mpole, mwenye kutafuna vitunguu saumu vibichi kama karanga. Msichana aliyempenda alikuwa Mrundi, karani kwenye ghala letu, mtoto wa familia ya Haltom City, kando ya Fort Worth, iliyotoka kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma. Baba wa msichana alikuwa ametoa sharti moja tu: anayemtaka mwanangu alete wazee wake, waje waniambie kwao ni wapi na ni watu gani. Kijana alikuwa yatima. Bibi yake aliyemlea alikuwa mzee mno, hawezi kupanda ndege. Asipopata wa kumsemea, hana mke.

"Uncle, wewe unajua kuongea," aliniambia kwa Kiingereza, lugha yetu ya ndani ya lori.

"Kuongea najua. Kijiji chenu sikijui hata kwenye ramani."

"Basi nitakufundisha. Barabara ni ndefu."

Ndivyo nilivyoanza kusomea kijiji cha Romania kwenye barabara kuu ya Texas. Kiko kaskazini kabisa, akasema, chini ya milima ya Karpati. Upande mmoja kuna vilima vya nyasi, na nyasi hizo hukatwa kwa mkono wakati wa joto, zikarundikwa kwenye nguzo ndefu za miti ili ng'ombe wazile majira ya theluji. Upande wa pili kuna mto, na ng'ambo ya mto ni Ukraine. Mto wenyewe unaitwa Tisa. Nilimuuliza mingine minane iko wapi, hakucheka, ikanibidi nimweleze, na mzaha ukiueleza umekwisha.

Kanisa lao ni la mbao tupu, na mnara wake umechongoka, mrefu kuliko minazi ya kwa shemeji zangu Kwale. Kila boma lina lango la mbao lililochongwa, kubwa kuliko nyumba yenyewe. Anayepita njiani husoma kwenye lango hilo hii ni nyumba ya watu wa namna gani. Hapo nikamwambia kwao ni watu wa majivuno, akasema ndiyo, na kwa mara ya kwanza nikampenda kama ndugu.

Historia ikanikamata zaidi. Bibi yake alizaliwa chini ya Romania, akaanza shule chini ya Hungaria, akaimaliza chini ya Romania tena, na muda wote huo hajahama nyumba. Kulikuwa na Wayahudi kijijini, wenye maduka na viwanda vya mbao. Vita vikaja, wakachukuliwa kwa treni, na leo yamebaki makaburi yao mlimani, ambayo bibi yake huyafyekea majani kila mwaka kwa sababu mama yake alikuwa akiyafyekea. Kisha wakaja Wakomunisti na walinzi ukingoni mwa mto, na mtu akawa haruhusiwi hata kumpungia mkono binamu yake wa ng'ambo.

Mimi ni mtoto wa Taveta, na haya sikuhitaji kutafsiriwa. Wakati wa ile vita ya kwanza ya dunia Wajerumani walivuka wakaikalia Taveta yetu, kisha Waingereza wakairudisha, na wazee wetu wakaendelea kulima ndizi zao. Nilimwambia kijana, ninyi ni Wataveta wa baridi. Aliponiambia kwamba chakula chao kikuu ni unga wa mahindi uliosongwa mpaka ukakatika kwa uzi, nilipiga usukani kwa furaha. Watu wa ugali hawakosi mke kwa Warundi.

Palikuwa na mawili ambayo nilimwambia tusiyataje. La kwanza ni idadi ya watu. Kijiji kimebaki wazee. Vijana wako Italia, wako Hispania, na nyumba walizojenga kwa jasho la huko, za ghorofa na vioo, zimefungwa mwaka mzima. Nani atampeleka binti yake kwenye mahame? La pili ni vita ya ng'ambo. Ilipozuka, watu walivuka na watoto na mabegi wakaingia kijijini, na kijana akanisimulia yote bibi yake aliyowafanyia. Hiyo nayo nikaifuta. Tunakwenda kwa watu waliokuwa wakimbizi, nikamwambia, adabu ni kutowakumbusha.

"Lakini bibi yangu hilo ndilo analojivunia," akasema.

"Bibi yako hajawahi kuwa mshenga," nikamjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mshenga haendi peke yake. Siku moja baada ya kushusha mzigo tulipita Pearland kwa dada yangu, muuguzi, ana nyumba yake huko na sauti ya kuamrisha wodi nzima. Nilimwomba yeye na mumewe waje wawe upande wa bwana harusi.

"Kaka, wait," akasema. "Yaani sisi ndio Waromania?"

"Nyinyi ndio wazee wa kijiji."

"Na wakini-ask kitu?"

"Tabasamu, halafu uniangalie mimi."

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamtazama yule kijana aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri majibu ya daktari, akaacha kucheka, akasema atashona sare.

Basi Jumapili moja baada ya misa, kijiji cha mpakani mwa Romania kiliingia Haltom City kikiwa na Wataveta watatu, wawili wamevaa kitenge cha sare na mmoja koti la kijivu, na kijana wao mweupe katikati akiwa ameagizwa asifungue kinywa. Tulibeba kreti za bia na soda, na chupa ya pombe kali ya tunda la plamu ambayo bibi alimpa kijana alipokuwa akiondoka kwao. Vyote vikawekwa mezani bila kufunguliwa. Kwa desturi ya nyumba ile, vinafunguliwa baba akikubali. Asipokubali, mnaondoka navyo.

Baba wa msichana alikuwa mtu mfupi, mkimya, anayefanya kazi ya kufua kwenye hoteli moja mjini. Nilitegemea wajomba na msemaji wa ukoo. Alisema atasema mwenyewe, kwa sababu ndugu zake wengine walibaki njiani. Sikumuuliza njia ipi.

Nikasimama. Nilisema vizuri siku ile, sitaki kujificha nyuma ya unyenyekevu. Nikaanza na mpaka, maana hapo nilijua nitang'ara. Kwetu Taveta mpaka ni baraka. Siku ya soko unavuka asubuhi na ndizi, jioni unarudi na vitenge. Mjomba yuko Kenya, shangazi yuko Tanzania, na harusi ikiwa upande huu, sufuria zinatoka upande ule. Nikasema kijiji chetu kimejaliwa kukaa mlangoni mwa nchi mbili, na mto uko mwisho wa shamba letu la mahindi.

"Mwisho kabisa?" akauliza baba.

"Mwisho kabisa, mzee. Ukirusha jiwe, linaangukia nchi nyingine."

Akaweka mikono magotini. "Basi hapo hatutaelewana," akasema, bila hasira.

Kule jikoni, alikokaa msichana na mama yake, nikasikia sahani zimeacha kugongana.

"Mimi nilizaliwa karibu na mto wa namna hiyo," akaendelea. "Nikauvuka na mama yangu, nikiwa mdogo. Huyu binti alizaliwa kambini kwa sababu hiyo. Mtu wa mpakani, vita ikiwa kwake ndiye wa kwanza kukimbia. Ikiwa kwa jirani, ndiye wa kwanza kukimbiliwa. Nimemleta mwanangu hadi hapa, katikati ya nchi kubwa, asiuone mpaka tena."

"Lakini mzee, wata-live hapa hapa Fort Worth," dada yangu akasema, amesahau kutabasamu.

"Wataishi hapa, mama. Watoto wao watakuwa wa kule. Mtu kwao."

Mtu kwao. Hilo ni neno langu mimi. Nimelitumia katika posa zote nilizosimamia, nikawapiga nalo wazee wabishi kuliko huyu, na sasa limenirudia nami sina pa kuegemea. Nilimtazama kijana. Hakuwa ameelewa kila neno, lakini uso wa baba ulikuwa umemtosha. Alikuwa akitazama chupa ya bibi yake. Nilimhurumia, na nikaogopa, na katika kazi hii sijazoea kuogopa.

Nikakaa chini. Mshenga husema akiwa amesimama, lakini nilikuwa nimemaliza kusema kwa namna ile.

"Mzee," nikamwambia, "hilo la kukimbiliwa umesema kweli, nami nilikuficha. Kijiji chetu ni kidogo. Wamebaki wazee, na nyumba nyingi ni tupu, watoto wetu wako Italia. Vita ya ng'ambo ilipoanza, watu walikuja. Ilikuwa baridi, barafu iko chini. Bibi wa huyu kijana alikwenda kwa majirani kuchukua funguo za zile nyumba."

"Za wenyewe walioko mbali?"

"Ndiyo. Aliwapigia wenyewe simu baadaye, kuwaarifu. Hakuwa anaomba ruhusa."

Baba akanyanyua macho. "Akawaweka wapi hao watu? Kwenye hema?"

"Hakuna hema. Kwenye vitanda vya watoto wetu. Kitanda cha huyu hapa alikilalia mwanamke mmoja na mabinti zake."

"Nani aliwaandikisha?"

"Walikula kwanza. Ugali na maziwa. Waandikishaji walikuja kesho yake."

"Na sasa wako wapi?"

"Wengi waliendelea na safari. Huyo mwanamke yupo. Shule yetu ilikuwa inafungwa kwa kukosa watoto. Mabinti zake wanasoma pale, na wa wenzake waliobaki, na shule haikufungwa."

Nilikuwa nimesema "chetu" na "yetu" muda wote huo, na nilipojisikia, sikuona haya hata kidogo. Nilijivunia kijiji kile kama kwamba funguo nilizibeba mimi.

Mkewe akatoka jikoni, akasimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Sisi tulipovuka," akasema baba, na sasa alikuwa anasema na mkewe kuliko sisi, "kuna mama mmoja alitufungulia jikoni kwake. Usiku mmoja. Asubuhi lori likatupeleka kambini. Nimekulia kwenye turubai, nimeoa kwenye turubai, nimezaa kwenye turubai. Ule usiku mmoja mimi sijausahau. Jina la yule mama sikuliuliza."

"Hilo la kutouliza unalisema kila Krismasi," mkewe akamwambia, taratibu.

Akanyoosha mkono akapita kreti zote za bia, akachukua chupa ya bibi. Alihangaika na kizibo. Kijana akanyanyuka nusu kumsaidia, akakumbuka amekatazwa, akakaa tena. Baba akaifungua mwenyewe, akajimiminia kidogo, akanywa, akakohoa hadi machozi yakamtoka, na hakuna aliyecheka. Kule jikoni mtu alianza kulia, na nadhani alikuwa binti.

Kisha baba akafanya jambo lisilofanywa kwenye posa. Alimruka mshenga, akamwuliza bwana harusi mwenyewe.

"Bibi yako yuko?"

"Yuko, baba," kijana akajibu kwa Kiswahili alichofundishwa na binti.

"Mwambie siku ya kumpeleka binti sitatuma mtu. Nitakuja mwenyewe na mama yake. Nitaufikia mpaka huo kwa miguu yangu." Akanigeukia mimi. "Na wewe, mzee wa kijiji, utatutangulia. Mgeni hafiki peke yake."

Dada yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Alijua, na baba yule alijua, na kila mtu mle ndani alijua nilikotoka. Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti langu.

"Karibuni kwetu, mzee," nikamwambia. "Vitanda vipo."