Kisu Asichokitazama Bibi Sekela

Yunusu wa mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, alikuwa mwongo wa kupendeza. Akikwambia kachinja fahali mzito hata mizani ikaomba likizo, ujue alikuwa ndama. Akikwambia mwaka fulani mvua ya Rungwe ilinyesha miezi kumi na minne mfululizo, usimuulize mwaka una miezi mingapi. Kaa, pokea chai, sikiliza. Mkewe, Naima, alishazoea, na wageni walipomgeukia kwa macho ya kuuliza, alikuwa anawaongezea sukari tu.

Kazi ya Yunusu ilikuwa uchinjaji, kama baba yake. Kukiwa na harusi au msiba, hata kwa Wakristo wa milimani, huitwa yeye aje achinje ili wageni wa kila dini wale bila wasiwasi. Visu vyake vya kazi vilikuwa vitatu, vimenolewa hadi vikabaki vyembamba kama jani la muwa. Hivyo havikumsumbua. Vilivyomkosesha usingizi ni vile sita vilivyotundikwa ukutani sebuleni, visu vya Nepali, vile wenyewe wanaviita kukuri.

Cha kwanza aliletewa na Sadick, mtoto wa dada yake, mwanajeshi aliyekwenda kulinda amani Kongo. Huko walipiga kambi jirani na askari wa Nepali, wakabadilishana: kisu kwa jezi ya Taifa Stars. Sadick alikiweka mezani akasema, "Mjomba, hicho cha kupasulia kuni."

Yunusu akakichomoa kwenye ala, akanyamaza. Alinyamaza tangu adhuhuri mpaka magharibi, na Naima akataka kumwita tabibu.

Maana kile hakikuwa kisu cha kupasulia kuni. Ubapa ulipinda kwenda mbele kama mkono uliokunjwa kiwiko. Mgongo mnene, tumbo pana, ncha kali. Karibu na mpini kulikuwa na pengo dogo lililochongwa kwenye makali, na nyuma ya ala vilichomekwa visu vidogo viwili, kimoja cha kumenyea na kingine butu cha kusawazishia makali, kama kuku na vifaranga vyake. Binti yake Nahla akamtafutia video kwenye simu. Mhunzi wa Nepali amekaa chini, anagonga chuma chekundu kwa nyundo, kisha anachukua birika, birika hilihili la chai, anamiminia maji kwenye makali peke yake. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki laini, ndiyo maana kisu hakivunjiki. Yunusu aliitazama video ile mpaka simu ikapata homa.

Basi akaanza kukusanya. Nahla aliagiza, vifurushi vikaja posta kwa kujivuta, kimoja kikichukua muda wa kuvuna mahindi mara mbili. Kimoja kilifika kinang'aa kama kioo cha saluni. Yunusu akakipitishia tupa, akagundua kimekatwa kwa mashine kutoka kwenye bati nene. Hakukitupa. Alikitundika kimeuelekea ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Alichokuwa hajapata ni kimoja cha zamani, kilichofanya kazi mikononi mwa mtu.

"Nikipata hicho kimoja tu, mama Nahla, nimemaliza."

"Ulisema hivyo kwenye cha nne," akasema Naima.

Sasa siku moja aliitwa kijijini Lupepo, kwa Erasto, kijana aliyekuwa anaoa kesho yake. Alikwenda na Faraji, kaka wa Naima, ambaye kazi yake ilikuwa kushika miguu ya ng'ombe na kulalamika. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kuku walikuwa wanagongana. Wakamlaza fahali, Yunusu akapiga bismillahi, kazi ikaisha. Wakati wa kuchuna, akatoa simu kumwonyesha Erasto picha za ukuta wake, kama anavyomwonyesha kila mtu, hata wasioomba.

Erasto akainamia simu. "Mzee Yunusu, mbona bibi ana kitu kama hiki? Kiko darini jikoni."

Yunusu akaacha kuchuna.

Erasto akatazama nyuma kwanza, kisha akashusha sauti. "Cha babu yake baba, mzee Ambindwile. Alikwenda vita vya Bama, huko Burma, zamani za Mwingereza, akarudi nacho. Lakini usimtaje jina mbele ya bibi. Ni mkwewe."

Hapo wa mbali ataelezwa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe wanakwepana. Mkamwana hamtazami mkwe usoni, halitaji jina lake, akimwona njiani anaingia migombani. Wengi siku hizi wamelegeza. Bibi Sekela hakulegeza kitu. Aliolewa na Jotham, mtoto wa mzee yule, akaishi mji mmoja na mkwewe miaka mingi bila kuijua sura yake. Mzee akafa, Jotham naye akafuata, na kisu kikabaki mikononi mwa mwanamke ambaye alikihesabu kuwa sehemu ya mwili wa mkwe. Alikizungushia majani ya mgomba, akakiweka darini juu ya moshi, na hakukichomoa hata siku moja. Miaka hamsini na minane tangu aingie mji ule, macho yake hayajayaona makali yale.

Wakamkuta jikoni anamenya ndizi.

"Ndaga, bibi," akasalimia Yunusu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, tata. Nyama nzuri?"

"Nzuri, bibi. Nimesikia una kisu cha zamani."

Bibi Sekela akamtazama Erasto, na Erasto akakumbuka ana kazi nje, lakini hakutoka.

"Kipo," akasema bibi. "Jiko hili wanalivunja baada ya harusi, wanajenga la matofali. Nilikuwa nawaza nitakipeleka wapi. Huko ndani najua ni kutu tupu. Wewe ukiweza kukitoa, ni chako. Ila mimi sitazami."

Yunusu moyo ulimpiga hata Faraji akadai baadaye kwamba sufuria zilitikisika. Bibi akageuza kigoda, akawapa mgongo, akajifunika khanga kichwani. Erasto akapanda, akashusha kifurushi. Majani yalikuwa meusi kwa masizi, yakavunjika yenyewe. Ndani yake ala ya ngozi iliyokauka kama gome, na mpini wa mti mweusi uliolainishwa na kiganja cha mtu.

Yunusu akavuta. Hakikutoka. Akavuta tena, hakikutoka.

"Lete nishike huku," akasema Faraji, akaikumbatia ala kwa vidole vyote.

Yunusu akampiga kofi mkononi. "Shemeji, usishike upande wa makali. Kinaweza kupasua ala kikatoka na vidole vyako. Shika mgongo."

"Kutu inakata vidole?"

"Shika mgongo, Faraji."

Wakaisogeza ala karibu na moto, si karibu sana. Yunusu akachukua mafuta ya fahali yuleyule, ya moto bado, akayadondosha kwenye mdomo wa ala, tone baada ya tone. Wapishi wa harusi wakaanza kukusanyika mlangoni na miko yao. Mmoja akasema ndani mna nyoka. Yunusu akasubiri. Akavuta polepole, na safari hii kikasogea upana wa kucha, kikalia kidogo, kisha kikaja chote.

Wapishi mlangoni wakanyoosha shingo.

Moshi ule wa miaka yote, wa kuni na ndizi na maharage, ulikuwa umekilinda. Kilikuwa cheusi kama chungu, na chini ya weusi Yunusu akakiona kinapumua. Alama za nyundo zilitambaa mgongoni kama nyayo za ndege kwenye tope. Pengo lilikuwepo. Akatoa tupa yake. Akaipitisha kwenye mgongo, ikauma. Akaipitisha kwenye makali, ikateleza. Birika lilipita hapa. Mtu alikaa chini mahali fulani, akamimina maji kwa mkono wake.

"Kimetoka?" akauliza bibi, mgongo bado umewageukia.

"Kimetoka, bibi."

"Haya, niambie kikoje."

Faraji akamsogelea Yunusu sikioni. "Sema kutu. Sema kutu tupu, asije akabadili nia, tufunge safari."

Na kweli, ilikuwa rahisi. Yunusu aliyewahi kumwambia mtu kwamba Ziwa Ngosi lina mamba wanaosema Kiswahili, neno moja tu la kutu lingemshinda? Akafungua mdomo. Akakitazama kisu. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Bibi," akasema, "hakina kutu."

Faraji akashika kichwa.

"Kimepinda kwenda mbele, kama mkono ulioinuka kukupokea mzigo. Ni chepesi ukikishika, kizito ukikishusha. Kina alama za nyundo, naweza kuzihesabu. Aliyekitengeneza hakuwa na haraka. Mpini umelika upande mmoja, pale kidole gumba kinapokaa, kwa hiyo mwenyewe alikuwa na kiganja kikubwa. Na alikuwa wa mkono wa kushoto."

Khanga ikatikisika. "Kushoto?"

"Kushoto, bibi."

"Sikujua hilo," akasema Bibi Sekela taratibu. "Alikuwa anawasimulia wenzake barazani, mimi nasikiliza nyuma ya ukuta. Sauti yake naijua. Alisema huko Bama hakupigana na mtu, alikuwa anakata mianzi ya kupikia. Wenzake wakimcheka. Endelea."

"Kwenye makali kuna vijipengo vitatu."

"Vya nini?"

Anayemjua Yunusu angetegemea hapo hadithi iue askari kumi. "Sijui, bibi. Labda mianzi."

"Endelea."

Akaendelea. Alieleza ncha, alieleza tumbo, alieleza vile visu vidogo viwili ambavyo kimoja kilikuwa bado kipo na kingine hakipo. Alieleza kwa raha, jasho linamtoka, mikono inachora hewani mbele ya mgongo wa mtu asiyemwona. Alipomaliza, bibi akasema rudia hapo kwenye mpini, naye akarudia.

Kisha Bibi Sekela akasema, "Tata, nilisema ukikitoa ni chako."

"Ulisema, bibi."

"Nilisema vibaya."

"Bibi, ahadi hiyo," Erasto akaingilia.

"Wewe nyamaza. Kesho unaoa, mambo ya wakubwa utaanza kuyajua keshokutwa."

Yunusu alikuwa bado amekishika. Angeweza kudai, na mashahidi walikuwa wamejaa mlangoni na miko. Akakipaka mafuta pande zote mbili, akakirudisha kwenye ala, na ule mlio mdogo wa kuingia ukamkata kifuani. Akakifunga kwenye jani jipya la mgomba, akazunguka kigoda na kukiweka mapajani mwa bibi.

"Umeniharibia," akasema bibi, akikishika kwa mikono miwili. "Nilikuwa na chuma kibovu, sasa nina kitu cha kutunza. Mimi siwezi kukitazama, na hawa watakiacha kife. Nani atakitazama?"

Faraji alikuwa wa kwanza kuelewa. "Shemeji," akasema, "usiseme ndiyo. Lupepo ni mbali."

"Kila mwezi, bibi," akasema Yunusu. "Nitakuja na mafuta yangu."

Njia nzima ya kurudi Tukuyu alikuwa anaongea. Faraji alisema hajawahi kumwona mtu aliyenyimwa kitu akifurahi vile. Naima alipouliza kisu kiko wapi, akaambiwa kiko Lupepo, akauliza basi mbona unacheka, naye akaanza kuelezewa mpini.

Mwezi ulipotimia Yunusu alipanda na chupa ya mafuta na kitambaa safi. Jiko la matofali lilikuwa limefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Kigoda kilikuwa tayari kimegeuzwa kuelekea ukuta, khanga iko kichwani, na kisu juu ya mkeka.

"Umechelewa," akasema Bibi Sekela bila kugeuka. "Anzia kwenye mpini."