Kibao Shingoni mwa Tumpe

Mwanangu Tumpe, naikumbuka Jumanne ile uliporudi kutoka shule hapa Iyunga na kibao shingoni, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba wewe ni mjinga. Kosa lako? Ulimwambia mwenzako "ndaga", asante ya Kinyakyusa. Niliikata ile kamba kwa kisu cha mboga, nikapiga kelele mpaka jirani akatoka.

"Mama Tumpe, kuna nyoka?"

"Afadhali angekuwa nyoka!"

Lakini nusu ya hasira ile, mwanangu, nilijikasirikia mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikiwa kidato cha pili, shule ya misheni kule Iringa, kiranja wa lugha nilikuwa mimi. Anayesema kilugha, namwandika jina daftarini. Siku Tusekile alipoletewa habari kwamba bibi yake amefariki, alilia kwa Kinyakyusa, lugha yetu mimi na yeye. Nikamwandika. Akavishwa kibao machozi hayajakauka. Likizo ilipoisha, hakurudi.

Sista mmoja, Mfilipino, aliniita jikoni akichambua maharage.

"Binti, kwetu fukara ni dukha. Tumelipata kutoka lugha ya kale ya India, Kisanskriti, na huko lilikuwa huzuni. Hata neno 'neno' kwetu ni salita, nalo limetoka huko huko. Huko lilimaanisha mwenendo wa mtu. Yamevuka bahari, yamebadilika, na hakuna aliyeyavisha kibao. Hata Kiswahili chenu kimejaa Kiarabu na Kihindi. Sasa Tusekile kaiba nini?"

"Sheria ni sheria, Sista."

"Haya. Kamwambie mama yake hivyo."

Sikwenda. Mpaka leo sijui Tusekile yuko wapi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi sikia. Kiingereza kijue, tena umshinde mwalimu wako. Lakini usimwandike mwenzako kwa neno alilonyonya kwa mama yake. Wakikupa daftari la majina, likatae, hata wakuchape. Mungu akupe ulimi usioogopa na moyo usioonea mtu.

Barua nimeipeleka leo asubuhi kwa afisa elimu kata, na sikuondoka mpaka ikagongwa muhuri: "Yah: Malalamiko ya mwanafunzi kuvishwa kibao. Naomba adhabu hii ikome, na mwanangu aombwe radhi mbele ya darasa lake. Shahidi ni mimi mwenyewe. Niliwahi kumwandika mwenzangu, akaacha shule."