Chupa ya Ercilia

Ercilia Mateo hakusomea udaktari, lakini katika mtaa wake huko San Juan de la Maguana, mgongo ukigoma au tumbo likichafuka, watu walimkimbilia yeye kwanza. Alichemsha mizizi, mdalasini, tangawizi na majani ya anamú yanayonuka kama kitunguu saumu, akatia asali, akavifungia vyote kwenye chupa, na kinywaji chenyewe watu wakakiita chupa tu. Wapo wanawake waliokata tamaa ya kuzaa, wakainywa, wakazaa. Nani angebishana nao huku wamebeba watoto wao? Mumewe Nicanor, fundi viatu mwenye maneno mengi, aliinywa miaka thelathini bila kulazwa hata siku moja.

Kisha moyo wa Nicanor ukaanza kwenda mrama. Daktari alimpa vidonge vidogo, akamwambia Ercilia, "Damu yake ni nzito, mama. Hivi vitaifanya iwe nyepesi."

Damu nzito! Hilo Ercilia alilijua kabla daktari huyo hajazaliwa. Alirudi nyumbani amefurahi kweli, akapika chupa kali, anamú mara mbili, ili isaidiane na vidonge.

Wiki ya tatu mto wa Nicanor ulikutwa na damu ya fizi. Alipovua shati, mbavu zilikuwa na madoa ya zambarau.

"Umenipiga usingizini, mwanamke?"

"Ningekupiga ungeamka, mvivu wewe. Vaa twende."

Hospitalini walimlaza. Daktari wa wodi, binti mmoja aitwaye Yokasta, aliuliza huku akiandika, "Mbali na hivi vidonge, anatumia dawa nyingine?"

"Hapana, mwanangu."

Wala hakusema uongo. Kwao dawa ni kitu kinachotoka kwa daktari, chenye karatasi na jina la kuvunja ulimi. Chupa ni chupa, kinywaji cha nyumbani kama kahawa, na hakuna mtu kule anayeiita dawa. Huyo binti naye alizaliwa katika mji mkuu, angejuaje?

Vidonge vikasimamishwa. Kila mchana Ercilia alikuja na supu ya mihogo, na kwa vile mumewe alizidi kulegea, alimnywesha kifuniko kimoja cha kinywaji chake alichokibeba kwenye chupa ya chai, kisha cha pili. Alifanya hivyo mbele ya wauguzi, nao walidhani ni kahawa.

Siku ya tano Nicanor alilalamika kuumwa kichwa. Kufikia mchana upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yake yote yamekwisha, yeye aliyeweza kusimulia kiatu kimoja kwa saa nzima.

Yokasta alimfuata Ercilia kwenye benchi la nje. "Vidonge ameacha siku tano, na damu bado haigandi. Mama, anakula nini? Anakunywa nini?"

"Supu yangu. Na chupa."

"Chupa gani?"

Ercilia akafungua, akampa anuse. Daktari alinusa, akaitambua harufu ya anamú, akakaa chini.

"Mama Ercilia, majani haya nayo yanafanya damu iwe nyepesi. Ulikuwa unamwongezea."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza dawa."

Yokasta aliifunga chupa, akamrudishia. Baadaye alisema kwa sauti ya chini kwamba damu imevujia kwenye ubongo, na kwamba pale walipofika hakuna tena la kufanya isipokuwa kukaa naye.

Ercilia aliimwaga chupa yote kwenye mtaro, akanawa mikono mara tatu kwa sabuni. Hakulia. Aliichukia mikono ile kiasi kwamba alitamani kuiacha pale bombani aende zake bila hiyo.

Aliporudi wodini, Nicanor alikuwa amefumba macho. Alizisikia hatua za mkewe, akazitambua, na kama alivyozoeshwa kila mchana, akafungua mdomo.

Ercilia aliufunga taratibu kwa vidole vyake. Nicanor akaufungua tena.