Malimbuko Yaliyomsubiri Mchungaji

Kaa vizuri, wewe unayenisikiliza, hasa kama ni mtu wa kanisani, maana nataka kukueleza jinsi usharika mzima ulivyoshindwa kumshukuru Mungu kwa sababu ya dizeli. Usicheke kwanza. Nitakwenda polepole, kama nilivyokwenda na watoto wa darasa la tatu, na mahali usipoelewa kosa litakuwa langu.

Ilikuwa Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari ilipatikana kwa kujuana na dizeli kwa kibali. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilichopakana na msitu wa Ngorongoro, na siku za Jumamosi nilifundisha kwaya. Usharika wetu ulikuwa mchanganyiko. Walikuwapo Wairaqw, ambao wageni waliwaita Wambulu, na walikuwapo watu wa Singida na Dodoma waliokuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa wakabaki hapo hapo. Tuliimba vizuri, hilo silikatai. Tulikuwa na wimbo wa umoja wa sauti nne, na watu walitoka vijiji vya jirani kuja kuusikia. Ukiisha, kila mtu alikwenda kwake na kufunga mlango.

Kila mwaka mahindi yalipokauka, kila nyumba ilileta kanisani kikapu cha kwanza cha mavuno, yaani malimbuko. Vikapu viliwekwa mbele ya madhabahu, tukashukuru, kisha vikapigwa mnada nje. Ni desturi nzuri na naipenda mpaka leo. Lakini wazee wetu wa kanisa waliona Mungu hakuiweka sawasawa, wakaiongezea ya kwao: hakuna kuvuna kabla mchungaji hajaja kubariki malimbuko. Atakayevuna mapema amekula cha Bwana, na atatengwa na meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu.

Mchungaji alikuwa mmoja kwa mitaa mingi, hadi huko Buger, na Landrova yake kuukuu haikwenda kwa maombi. Mwaka huo dizeli haikupatikana. Jumapili ikapita, ikapita nyingine, na mahindi yakazidi kukauka yakimsubiri.

Sasa elewa mashamba yalikuwa wapi, maana utakatifu wetu ulifuata ramani. Mwenyekiti wa wazee, aliyekuwa na trekta, alilima ngano huku chini karibu na barabara, ambako mnyama mkubwa kuliko wote alikuwa mbuzi wa jirani. Ngano yake ilikuwa imeshavunwa. Nilimuuliza hilo nje ya kanisa, kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Kwani ngano haina malimbuko?"

"Marahaba, mwalimu. Ngano haisubiri. Kombaini ni ya zamu, ikishapita imepita."

"Na nyani je? Wao wanasubiri?"

"Nyani ni majaribu," alisema, akavaa kofia yake.

Kwa hiyo kombaini ilikuwa majira ya Bwana, na nyani walikuwa majaribu ya mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa mama mmoja wa Singida, mjane, aliyekuja na mumewe kuchuma kahawa. Mume alipofariki, mama alipewa kipande cha juu kabisa, mahali ambapo mtu akilima mstari mmoja zaidi yuko msituni. Mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chake na cha wanawe mpaka msimu mwingine, hakuwa na kingine. Mchana walishuka nyani, jioni nyati wakitoka kunywa maji walipita humo humo. Alishinda shambani akigonga debe mpaka viganja vikavimba.

Jumapili moja baada ya ibada aliwafuata wazee chini ya mkaratusi ulio mbele ya kanisa. Usharika wote ulikuwa bado unasalimiana pale, na wote tulisikia.

"Wazee wangu, naomba ruhusa nivune. Nyani wamemaliza upande wa msitu."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma ile ya mtu aliyekwisha kula. "Mama, moyo wa shukrani hauna haraka. Wenzako wanasubiri."

"Wenzangu wanasubiri karibu na barabara."

"Usiwe na kinywa, mama. Tutakuombea."

Mzee wa pili, ambaye kazi yake barazani ilikuwa kukubali, alikubali kwa kichwa. Wakamwombea. Yalikuwa maombi marefu, yenye simba wa Danieli ndani yake na kunguru wa Eliya, ila nyani hawakutajwa. Yule mama alisimama katikati yao macho wazi, akiangalia mlimani. Najua kwa sababu na mimi sikuwa nimefumba.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alihubiri yeye, kwa kuwa mchungaji hakuwepo. Alihubiri juu ya tumaini. Alisema tumaini ni kutulia. Nimefundisha watoto miaka mingi, na mtoto akikosea huwa namwonyesha alipopotea bila kumuaibisha, basi na hili nilieleze hivyo hivyo. Anayepanda maharage ana tumaini. Ndiyo maana anarudi kupalilia, na ndiyo maana anavuna. Aliyekaa tu kuangalia mvua ana muda mwingi, basi. Mwenyekiti alikuwa na muda mwingi na kihenge kilichojaa, na vyote viwili akaviita imani.

Baada ya ibada yule mama alinijia.

"Mwalimu, Jumamosi navunja mahindi yangu. Wanitenge."

"Utavunja na nani?"

"Nina mikono."

Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya. Niliwaambia wanakwaya kwamba safari hii mazoezi ya wimbo wa umoja yatafanyikia shambani, na waje na magunia.

"Mwalimu," akasema kijana wa besi, "tukitengwa sote, kwaya itaimbwa na nani?"

"Na wazee."

"Wazee hawajui besi."

"Wanajua kuunguruma," akadakia dada mmoja wa sauti ya kwanza. Wakacheka, na waliocheka walikuja karibu wote.

Tulipofika juu tulimkuta yule mama ameshaanza. Baada ya muda akatokea mtu wa Dodoma, kibarua wa shamba la kahawa, ambaye chumba chake kilitazamana na mlango wa kanisa letu. Yeye na yule mama walitaniana siku zote.

"Mtani, nimesikia leo mnafukuzwa kanisani. Nimekuja kuona."

"Shika gunia, utaona vizuri."

"Nashika. Mimi hawawezi kunitenga, hawajawahi kunikaribisha."

Alisema kwa mzaha, akaingia mistarini na gunia. Miaka yote tulimwimbia umoja mlangoni pake.

Upande wa msitu yalikuwa yamebaki mabua na magunzi yaliyotafunwa. Nyani walikaa ukingoni mwa miti wakitutazama kama wenye shamba. Tulivunja yote yaliyobaki, tukayabeba mpaka nyumbani kwake. Kihenge hakikufika nusu. Mama alikitazama, akasema, "Kitanifikisha mpaka mvua za kwanza. Baada ya hapo sijui." Hakulia, na hakuna aliyemwambia ashukuru.

Kesho yake kanisani mwenyekiti alisimama kabla ya wimbo wa kwanza. Alikuwa amekwisha kusikia. Akaamuru kila aliyevuna kabla ya baraka asimame.

Mama akasimama. Wanakwaya wakasimama. Mimi nilisimama pia, ingawa sikuwa na shamba wala mahindi ya kuficha, nilikula mshahara. Ndipo akasimama mke wa yule mzee wa pili, mzee wa kukubali.

"Keti," mumewe akamwambia kwa sauti ya chini.

"Niketi vipi? Uji uliounywa leo ulikuwa wa mahindi gani?"

Nyuma yake akasimama mwingine, halafu benchi zima, halafu upande wote wa akina mama. Ikajulikana kwamba tangu zamani nyumba nyingi zilikuwa zikivuna kimya kimya, zikianzia katikati ya shamba na kuacha mistari ya pembeni imesimama, ili anayepita njiani aone mahindi yanamsubiri mchungaji. Ulikuwa uzio wa shukrani, na ndani yake patupu. Shamba la yule mama lilikuwa mteremkoni, linaonekana lote kutoka kanisani, yeye asingeweza kudanganya hata angetaka.

Mwenyekiti aliangalia kanisa lililosimama. Hapakuwa na mtu wa kumtenga isipokuwa awatenge wote, abaki na mzee wa pili. Akaketi.

Mama ndiye aliyezungumza. Hakupandisha sauti.

"Siku ile mlinisikia nikiomba. Wote mlikuwepo. Na nyumbani mlikuwa mmeshavuna."

Akachukua kikapu chake kidogo, akakiweka mbele ya madhabahu bila kumngoja mtu, akasema, "Mungu, asante kwa yaliyobaki." Akatugeukia. "Na ninyi mnajua yaliyopungua."

Akarudi mahali pake.

Nisikudanganye kwamba wote waliguswa. Mwenyekiti alieleza kwa muda mrefu kwamba utaratibu ni utaratibu. Lakini wiki ile akina mama walianza kupanda mlima hadi kwake na mahindi yao, mmoja mmoja, wengine wakipita njia ya nyuma kwa aibu. Mke wa mzee wa pili alipanda mchana kweupe, na gunia alibebeshwa mumewe. Mtu wa Dodoma alikaa mlangoni kwa mama akiwapokea na kuwatania. Kihenge kilijaa, na mvua za kwanza zilipokuja, na za pili, mama na wanawe walikuwa bado wanakula. Msimu uliofuata shamba la juu lilivunwa la kwanza, nasi sote tulikuwemo, kabla ya la mtu yeyote wa barabarani.

Mchungaji mwenyewe alikuja hatimaye, mwaka ule ule wa dizeli, juu ya lori la ngano, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Aliuliza malimbuko yako wapi. Tukamwambia yameliwa. Akauliza nani alituambia tumsubiri yeye. Mwenyekiti akaanza kukagua kofia yake.

Sikusimulii haya ili uchukie kanisa. Mimi bado naimba humo, na nimeona humo watu wakipendana kweli, hata kama walianza kwa kuchelewa. Nakusimulia kwa sababu shukrani ya kusema ni rahisi, tumaini la kuhubiri ni rahisi zaidi, na umoja wa sauti nne unafundishika kwa Jumamosi chache tu. Linalobaki si gumu vile unavyodhani. Angalia ni jirani gani hajavuna. Nenda leo ukamuulize anaanza siku gani, na siku hiyo ufike mapema, na gunia lako mwenyewe.